Ziwa na Kisiba: Asili ya Kale ya Lugha Zetu na Somo la Kiswahili

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha mwaka uliopita tulikaa nyuma ya Darasa la Tatu katika shule moja ya msingi wilayani Rungwe, tukimkagua mwanachuo wetu akifundisha imla. Alisoma sentensi kumi. Sentensi ya nne ilitaja ziwa, na mtoto mmoja wa kike aliyeketi dawati la mbele akaandika "siwa". Mwanachuo alipopita kusahihisha alilikata neno lile kwa wino mwekundu, akaenda kuliandika ubaoni kama lilivyokuwa daftarini, kisha akalisoma kwa sauti. Darasa lilicheka. Baadhi ya waliocheka walikuwa wameandika vivyo hivyo, maana tulipoyapitia madaftari baada ya kipindi tulihesabu "siwa" kumi na moja. Mtoto yule hakunyoosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Katika mazungumzo ya baada ya somo tulimwuliza mwanachuo kwa nini, kwa maoni yake, watoto kumi na mmoja walikosea neno moja kwa namna moja. Alijibu, "Hawasikilizi. Na Kinyakyusa kinawaharibu." Jibu hili tumelisikia mara nyingi, Mbeya na Iringa, na wanaolitoa si watu wabaya, wengi wao walikua wakisema Kinyakyusa, Kihehe au Kibena nyumbani kwao. Hata hivyo si jibu la kweli. Wanafunzi wasiosikiliza hukosea kila mmoja kwa njia yake. Kumi na mmoja wakikosea kwa njia moja, hapana budi iwepo sheria wanayoifuata bila kuijua, na sheria hiyo ni ya kale kuliko shule, kuliko wino mwekundu, na kuliko jina la Kiswahili lenyewe. Katika makala hii tunakusudia kuieleza sheria hiyo na historia iliyoizaa, kwa kuwa mwalimu asiyeijua atawaadhibu watoto kwa kosa ambalo si uzembe.

Lugha isiyoandikwa ina historia gani?

Mwanachuo aweza kuuliza: ikiwa babu zetu hawakuandika, twawezaje kusema lolote juu ya lugha yao ya miaka elfu tatu iliyopita? Njia ni kulinganisha. Tuchukue maneno machache ambayo kila mwanachuo wetu anayajua, au anaweza kumwuliza jirani yake bwenini.

Kiswahili: watu, wana, wawili.
Kinyakyusa: abandu, abana, babili.
Kihehe: vanu, vana, vavili.

Mtu anayeyatazama mara ya kwanza husema tu kwamba yanafanana. Kufanana hakutoshi; hata maneno ya lugha zisizo na uhusiano wowote huweza kufanana kwa bahati. Linalotakiwa kutazamwa ni utaratibu wa tofauti. Mahali ambapo Kiswahili kina w, Kinyakyusa kina b na Kihehe kina v, na haikutokea hivyo katika neno moja tu bali katika kila moja ya hayo matatu. Bahati haifanyi kazi kwa utaratibu namna hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani palikuwa na sauti moja, na watoto wa lugha ile, walipotengana, kila kundi likaigeuza kwa njia yake na kuigeuza kila mahali. Kwa sauti hii Kinyakyusa kimekaa karibu zaidi na umbo la kale. Kiswahili kimeilegeza ikawa w, na mbele ya o kikaiacha kabisa: Mnyakyusa husema ukubona, Mzulu wa Afrika Kusini naye husema ukubona, lakini sisi tunasema kuona.

Tutazame pia mtu. Kisafwa na Kinyiha husema umuntu, Kinyakyusa umundu, Kihehe na Kibena munu. Sauti mbili za kale, n na t, zimetendewa mambo manne katika eneo ambalo basi hulikata kwa siku moja: Wasafwa wamezihifadhi zote mbili, Wanyakyusa wameilainisha t ikawa d, Wahehe wameiacha t na kubaki na n, na Waswahili wameiacha n na kubaki na t. Hakuna mahali pengine nchini tunapopajua panapofaa kwa somo hili kuliko Nyanda za Juu Kusini. Ni ajabu kwamba tunatumia mifano ya vitabuni iliyotoka mbali ilhali bwenini mwetu wamelala watu wanaosema umuntu, umundu na munu katika chumba kimoja.

Hapo ni lazima tuonye juu ya maneno ya kukopa. Shule, shati na kitabu yanapatikana katika lugha nyingi za kwetu, lakini hayathibitishi udugu wowote. Shule ilitoka kwa Wajerumani, shati kwa Waingereza, kitabu kwa Waarabu. Kwa ajili hiyo wachunguzi hupendelea maneno ambayo watu hawakopi kwa urahisi: majina ya viungo vya mwili, hesabu ndogo, vitenzi vya kila siku kama kula, kulia, kulima na kuona, na zaidi ya yote viungo vya sarufi. Watu hukopa majina ya vitu sokoni. Ni nadra sana kukopa ngeli. Kwa hiyo tunapokuta kwamba Kihehe na Kizulu, lugha zilizotenganishwa na maelfu ya kilomita, zote hupanga majina katika ngeli na kuvipatanisha vitenzi na sifa kwa viambishi vya awali, tunajua kwamba jambo hilo ni urithi.

Mfano wa Wagiriki

Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Mwaka 1786 huko Calcutta, jaji Mwingereza aliyeitwa William Jones aliwaeleza wanachama wa chama cha elimu kwamba Kisanskriti cha India, Kigiriki na Kilatini vinafanana kwa namna isiyoweza kuwa ya bahati, na kwamba yamkini vyote vimetoka katika lugha moja ambayo pengine haipo tena. Katika karne iliyofuata wataalamu walilinganisha sauti kwa sauti. Kwa Kigiriki, kwa mfano, walikata shauri kwamba baadhi ya p, b na t za maandishi ya kale zilikuwa zamani sauti ya aina ya kw, ingawa hapakuwa na maandishi yoyote ya Kigiriki yaliyoionyesha. Ilikuwa hesabu ya akili tu.

Kisha mwaka 1952 Mwingereza mmoja kijana, Michael Ventris, aliyekuwa msanifu majengo na si profesa wa lugha, aligundua namna ya kusoma vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika kisiwa cha Krete na katika Ugiriki bara. Lugha ya vibao hivyo ikaonekana kuwa ni Kigiriki, cha kale kuliko mashairi ya Homer kwa karne nyingi. Na mle ndani, mahali hasa ambapo wataalamu walikuwa wametabiri sauti ya kw, palikuwa na alama za pekee zilizotumika kwa sauti hiyo. Neno lililokuja kuwa basileus, yaani mfalme, liliandikwa kwa alama inayosomwa qa. Wataalamu walikuwa wameisikia sauti ya wafu kabla ya kuuona mwandiko wao.

Tunawasimulia wanachuo kisa hiki kila mwaka kwa sababu moja. Lugha za Kibantu hazina vibao vya namna hiyo, na wapo wanaosema kwamba kwa hiyo historia yake ni makisio matupu. Lakini ikiwa njia ilishuhudiwa kuwa kweli pale palipopatikana ushahidi wa nje, hatuna sababu ya kuidharau inapotumiwa kwetu. Tena sisi tuna mali ambayo Wagiriki hawakuwa nayo: badala ya lugha ndugu chache tuna mamia ya lugha hai, na wasemaji wake wako tayari kujibu maswali.

Kutoka Kameruni hadi Nyanda za Juu

Wilhelm Bleek ndiye aliyelipa kundi hili jina la Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1862, akilichukua katika neno lile lile la watu. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapisha uchunguzi wa sauti za lugha hizi na kujaribu kuijenga upya lugha mama. Baada yake Malcolm Guthrie wa London alikusanya mizizi kwa maelfu na kuitoa katika juzuu nne kati ya mwaka 1967 na 1971. Ndiye aliyezigawa lugha za Kibantu kwa herufi na tarakimu ambazo mwanachuo atazikuta katika kila kitabu: Kiswahili katika G40, Kihehe, Kibena, Kisangu, Kikinga na Kipangwa katika G60, Kinyiha, Kimalila na Kisafwa katika M20, na Kinyakyusa katika M30. Yafaa ieleweke kwamba herufi hizi ni za ramani kuliko za ukoo. Kihehe kutiwa katika G pamoja na Kiswahili hakumaanishi kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Juu ya mahali ilipozaliwa lugha mama palikuwa na ubishi mkubwa. Guthrie aliona kitovu chake kusini mwa Kongo, kwa kuwa lugha za huko zimehifadhi idadi kubwa ya mizizi ya kale. Mmarekani Joseph Greenberg alijibu kwamba hoja hiyo haitoshi. Tukitazama lugha ambazo ni binamu wa Kibantu, zimejazana katika Nigeria na Kameruni, na ndugu hukaa wengi karibu na pale walipozaliwa. Wataalamu wengi leo wanakubaliana na Greenberg. Lugha mama, kwa makadirio yao, ilisemwa karibu na mpaka wa Nigeria na Kameruni kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita, na uchunguzi wa urithi wa damu uliofanywa katika miaka ya karibuni unaelekea upande huo huo.

Maneno yenyewe yanatueleza watu hawa waliishije. Mzizi wa kulima unapatikana Kinyakyusa, Kihehe, Kiswahili na Kizulu kwa umbo lile lile, lima. Wakikuyu husema kũrĩma. Basi wazee wale walikuwa wakulima. Walikuwa na mitumbwi pia, maana ubwato wa Wanyakyusa wa Kyela ni neno moja na ubwato wa Wanyarwanda na eryato la Waganda. Kiswahili, lugha ya mabaharia, kimelipoteza neno hili na kusema mtumbwi! Tofauti na hayo, neno la mahindi halina umbo moja la kale. Wanyakyusa huyaita ifilombe, Waswahili wakayapa jina linalokumbusha Hindi, na wengine hivi na vile. Sababu ni kwamba mmea huo ulitoka Amerika na haukufika Afrika ila baada ya mwaka 1500. Mwanafunzi wa Iringa anayeamini kwamba ugali wa mahindi umekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia atashangaa, na ni vizuri ashangae.

Wasemaji wa lugha hizi hawakuja kama jeshi lenye kamanda. Vitabu vya zamani vya shule vilichora mishale minene kwenye ramani, na mishale ile imewadanganya wengi. Ilikuwa ni familia chache kuhama bonde moja kwenda jingine, kizazi baada ya kizazi, na njiani kuwakuta watu wengine waliokuwapo, wawindaji na wafugaji, na kuoana nao. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo walikuwa wamekwisha kufika kandokando ya Ziwa Viktoria, wakifua chuma na kufinyanga vyungu vya aina inayoitwa Urewe. Vyungu vya jamii ya karibu na hiyo vimefukuliwa Kwale, jirani na Mombasa, vya karne za kwanza baada ya Kristo, na vingine kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani kwetu na Zambia. Zana za mawe za Isimila, karibu na mji wa Iringa, ni jambo jingine kabisa. Zile ni za mamia ya maelfu ya miaka, na hazihusiani na lugha yoyote tunayoweza kuitaja. Mwalimu anayewapeleka watoto Isimila asiwaambie kwamba wanaziona nyayo za Wahehe.

Kwa habari ya majina ya makabila, jihadharini pia. Dola ya Wahehe iliundwa karne ya 19, chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa, kwa kuunganisha tawala ndogo nyingi. Lugha iliyokuwa ikisemwa katika tawala hizo ni ya kale zaidi kuliko jina hilo. Vilevile Kinyakyusa hakikomi mpakani: ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, Wangonde wa Karonga husema lugha hiyo hiyo kwa tofauti ndogo. Na hata mikoa hubadilika. Njombe iliyokuwa ndani ya Iringa ikawa mkoa mwaka 2012, na Songwe iliyokuwa ndani ya Mbeya ikawa mkoa mwaka 2016, lakini Wabena na Wanyiha hawakubadili lugha zao siku hiyo.

Kiswahili nacho

Kila mwaka yupo mwanachuo anayesimama na kusema kwamba Kiswahili ni mchanganyiko wa Kiarabu na lugha za pwani. Twawashauri wasilifundishe jambo hili. Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa kuzaliwa. Ndugu zake wa karibu ni Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro, na wataalamu, akiwamo Derek Nurse aliyezichunguza pia lugha za Nyanda za Juu, wameliita kundi hilo Sabaki kwa jina la mto wa Kenya. Mama yao alisemwa pwani ya kaskazini yapata karne ya 5 au ya 6.

Wageni walikuwapo mapema, hilo ni kweli. Kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na mfanya biashara wa Misri kinautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na kusema kwamba Waarabu waliofika huko walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Kumbuka ni nani aliyejifunza lugha ya nani. Al-Masudi, aliyeitembelea pwani katika karne ya 10, aliandika cheo cha watawala wa huko kwa herufi ambazo wasomi wengi huzisoma wafalme, neno la Kibantu lenye kiambishi chake cha wa-. Mafungu ya maneno ya Kiarabu yaliingia baadaye, pamoja na dini, sheria na biashara. Hesabu zenyewe zinaonyesha: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu; sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Nazo zilikuta nyumba ina wenyewe, kwani tisa iliitwa kenda, na neno la saba lingali hai katika fungate, zile siku saba za maharusi.

Katika safari yake Kiswahili kimebadilika kuliko baadhi ya lugha zetu za bara. Kimeangusha l nyingi zilizokuwa kati ya irabu. Tunasema njia, Wanyakyusa injila. Tunasema mkuu, wao nkulu. Tunasema lia, wao na Wahehe lila. Wagiriama, ndugu wa Waswahili, bado wana njira. Kwa hiyo mtoto wa Tukuyu anaposema injila nyumbani anatamka umbo la kale kuliko lile lililomo katika kitabu cha kiada. (Sheria hii ina pingamizi zake, -wili imeshikilia l yake, na l ya kuanzia mzizi, kama katika lima, kwa kawaida haianguki. Tusiifanye kuwa rungu.) Pengine hatua za mabadiliko zingali zaonekana: Waganda na Wahehe wana mzizi twe kwa kichwa, omutwe na mutwe, Waswahili wa Mombasa wana kitwa, Kiswahili sanifu kina kichwa.

Turudi darasani

Sasa twaweza kulieleza lile "siwa". Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba, na Kinyakyusa bado kinazo zote saba; Kiswahili na Kihehe vimebaki na tano. Mbili kati ya zile saba, i moja na u moja, zilitamkwa kwa kuubana sana ulimi. Mwanachuo na ajaribu: tamka di, kisha ubane zaidi na zaidi. Utasikia d inaanza kupiga filimbi. Ndivyo ilivyotokea. Mzizi wa kale, ambao wataalamu huuandika *-diba na kuutanguliza kwa nyota kuonyesha kwamba hakuna aliye hai aliyeusikia, ulimaanisha kidimbwi au maji yaliyotuama. Kwa Waswahili d ile ikawa z, na b ikawa w kama tulivyokwisha kuona: ziwa. Kwa Wanyakyusa d ikawa s, na b ikabaki b: siba. Wazulu wana isiziba, shimo refu la maji mtoni, na Washona dziva.

Na hapa ndipo tulipomwambia mwanachuo wetu atazame nje. Katika wilaya ile ile, Masoko, lipo ziwa la volkeno linaloitwa Kisiba. Watoto wale wanalijua, wengine wameoga humo. Kisiba ni ziwa kwa Kinyakyusa, mzizi ule ule. Mtoto aliyeandika "siwa" alikuwa amesimama katikati ya njia, ameishika s ya mama yake na w ya mwalimu wake.

Sheria hiyo hiyo inaeleza makosa mengine. Mbele ya i na u za kubana, b ya kale ilikuwa v kwa Waswahili na f kwa Wanyakyusa: vitu ni ifindu, mvua ni ifula. Basi mtoto anayeandika "fitabu" anatumia kiambishi chake halali cha ngeli. Kinyakyusa cha asili hakina z, v wala r. Mwalimu akijua hivyo, aweza kutabiri makosa kabla hayajatokea na kuyaandalia somo, badala ya kuyangoja na kalamu nyekundu.

Hatusemi kwamba "siwa" liachwe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu nyingi za msingi za serikali, na mtoto asiyetofautisha z na s ataumia katika kila mtihani. Tunachosema ni kwamba dawa iende penye ugonjwa, na ugonjwa uko sikioni kabla ya kufika kalamuni. Kabla ya imla, mwalimu na atumie dakika tano kwa jozi za maneno: sana na zana, saa na zaa, faa na vaa, fua na vua, kula na kura, mahali na mahari. Ayatamke mwenyewe huku amefunika mdomo kwa daftari, na watoto wanyooshe mkono wa kulia kwa sauti ya kwanza na wa kushoto kwa ya pili. Hapana haja ya kuandika chochote. Baadaye waweke vidole kooni: katika zzz koo hutetemeka, katika sss halitetemeki. Watoto hulipenda zoezi hili mno, na darasa hugeuka mzinga wa nyuki. Mwalimu mkuu aarifiwe mapema.

Kwa upande wa r na l kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa maneno mengi yenye r, kama habari, rafiki na karatasi, yaliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na hayana ndugu wa kumsaidia mtoto. Hapo hapana njia ya mkato. Ni mazoezi ya sikio ya wiki nyingi. Lakini kwa z na v ndugu wapo, na mwalimu anaweza kuandika safu mbili ubaoni, akawaacha watoto wenyewe wazijaze kwa maneno ya nyumbani na kuitafuta sheria. Mwalimu asiyejua lugha ya mahali asione haya. Watoto wa Darasa la Tatu ni watoa habari wazuri, na hakuna kinachowafurahisha kama kumfundisha mwalimu.

Mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile siku ya tatu. Aliandika ubaoni Kisiba upande mmoja na ziwa upande wa pili, akauliza nani anaona maneno haya yanakutana wapi. Kwa muda hapakuwa na jibu. Kisha yule mtoto wa dawati la mbele alikwenda ubaoni, akapigia mstari b na w, halafu s na z, akarudi kuketi. Mwenzake mmoja akauliza kama basi na ifula ni mvua, na kama ni hivyo, l imekwenda wapi. Mwanachuo alitutazama kule nyuma. Tukamwashiria kwamba swali ni lake.